UZI: Watoto wakishalala, mapambo yao kwenye mti wa Krismasi yaachwe pale walipoyatundika

Mjukuu wa Rabai (mleta uzi)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo. Shule zimefungwa, kaskazi imeanza kuvuma, na Biashara Street tayari wananing'iniza nyuzi za kumetameta milangoni mwa maduka. Nimeleta jambo ambalo kwetu ni kubwa na naliona linafifia katika nyumba nyingi hapa Mombasa: familia nzima kupamba mti wa Krismasi pamoja, kisha kuuacha vile ulivyopambwa.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Siku hizi waingia nyumba ya mtu, mti umesimama ukumbini, rangi mbili tu, mipira imelingana kushoto na kulia, na mtoto wa nyumba ukimwuliza lipi lake hana la kukuonyesha. Ama walipamba wote kweli, picha zikapigwa, halafu usiku watoto wamelala mtu mzima mmoja akauvua mti na kuupanga upya ili upendeze. Asubuhi mtoto aitafuta nyota yake ya karatasi, aikuta imesukumwa nyuma yatazama ukuta. Jambo hilo linaniuma. Ukishamwita mtoto apambe, alichotundika ni kauli yake katika nyumba hiyo. Ukikihamisha bila kumwambia, umemjibu kwamba haikuhitajika.

Kwetu asili ni Rabai, ila babu alishuka mjini kufanya kazi bandarini Kilindini, akapanga Tudor, na ukoo ukakulia hapo. Mti wetu ni mvinje. Mjomba ana shamba Kikambala, amepanda mivinje ya kuuza nguzo za ujenzi. Mteja akichukua nguzo, kilele hubaki shambani. Hicho kilele ndicho mti wetu, kwa hiyo hakuna mti unaokatwa kwa ajili ya Krismasi. Hufungwa kwa kamba juu ya Probox mpaka Tudor, kikasimamishwa ndani ya ndoo ya mchanga na kokoto iliyomwagiwa maji, na ndoo ikavishwa leso ya nyanya.

Tunapamba tarehe 23 jioni. Mkesha wenyewe haufai, maana jikoni kunachemka na watu wana kanisa la usiku. Tarehe 23 hata wanaotoka Nairobi huwa washashuka Miritini na treni.

Kila mtu wa ukoo ana pambo lake, moja. Yote hukaa katika mkebe mkubwa wa biskuti juu ya kabati la nyanya. Nyanya huketi na mkebe mapajani, akaita majina kuanzia mdogo kabisa, na kila aitwaye hupokea chake mkononi mwake na kukitundika atakapo. Hakuna anayemwonyesha tawi. Hakuna anayemwambia "hapo pashajaa". Ndiyo maana upande wa chini wa mti wetu, kimo cha mtoto wa miaka minne, umesongamana, na juu mnaonekana majani matupu. Na hivyo ndivyo unavyobaki mpaka tarehe 6 Januari tunapoushusha.

Mwisho ni nyota. Babu aliikata kwa mkasi wa bati kutoka mkebe wa mafuta ya kupikia. Upande mmoja umeng'aa, upande wa pili bado yaonekana rangi ya mkebe, na ncha zake alizikunja kidogo kwa koleo zisimkate mtoto. Nyota haiguswi mpaka mkebe wa biskuti uwe mtupu.

Nyinyi kwenu mwafanyaje? Na yupo anayepanga upya usiku? Aseme tu, tuzungumze.

---

Mama Watatu, Bamburi

Mimi napanga upya, na sina sababu ya kuficha. Krismasi kwangu huja wageni wengi: wakwe, majirani, watu wa jumuiya ndogondogo. Mti ni uso wa nyumba siku hiyo. Watoto wangu hutundika kila kitu kwenye tawi moja mpaka lainama, na yule wa kati akiona mwenziwe ameweka mahali, naye lazima aweke papo hapo. Nikiacha hivyo mti unaegemea upande mmoja, wageni wauliza kama umeanguka. Watoto wamefurahi wakati wa kupamba, basi, furaha wameipata. Nikisogeza mpira mmoja usiku nimewanyang'anya nini?

---

Mjukuu wa Rabai (mleta uzi)

Dadangu Mama Watatu, asante kwa kusema wazi, maana wengi hufanya na hawasemi.

Nakubali kwamba mti wa mvinje huinama. Matawi yake ni membamba na yananing'inia, hayako kama yale ya plastiki yenye waya ndani. Ukiweka mpira wa kioo unateleza mpaka nchani, na wakati mwingine waanguka. Sisi tulitatua kwa aina ya mapambo, watoto tukawaacha na uhuru wao. Karibu kila pambo kwetu ni jepesi: vidoli vya ukili, samaki wa kifuu kilichosuguliwa kikawa chembamba, karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya majani ya chai iliyosokotwa, pindo la leso lililokunjwa likawa ua. Tawi likilemewa kabisa, nyanya humwita mwenye pambo, amwambia, "Mjukuu wangu, mwenzio hapa amechoka, wampeleka wapi?" Naye mwenyewe ndiye huhamisha. Waweza kudhani ni jambo dogo, ila mtoto aliyeulizwa husimama pale kuuchunguza mti mzima kabla ya kuamua. Nimemwona mpwa wangu akizunguka ndoo akiwa ameshika samaki wake wa kifuu, ajaribu tawi hili, aliachilia polepole kuona kama litashuka, ajaribu lingine. Hakuna mtu mzima angeliutazama ule mti kwa makini kiasi hicho.

Kuhusu wageni: wageni wetu huja wakaonyeshwa. "Hili langu, hili la marehemu babu, hili la shangazi." Mti unawapa maneno.

---

Mwalimu Mstaafu, Kengeleni

Nimefurahi kusikia jina la Rabai katika uzi huu, nami naomba niongeze kidogo, kwa kuwa vijana wengi hudhani desturi hii ilitufikia na televisheni.

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huohuo mkewe na mtoto wao mchanga wakafariki, wakazikwa upande wa bara, Nyali. Mwaka 1846 akaanzisha misheni Rabai pamoja na Johannes Rebmann. Wote wawili walikuwa Wajerumani, na Ujerumani ndiko mti wa Krismasi ulikoota. Kumbukumbu za Strasbourg na miji ya pande zile zautaja tangu karne ya 16. Waingereza, ambao wengi wetu huwahesabu kuwa ndio wenye desturi, waliupokea baadaye sana. Malkia Charlotte, aliyezaliwa Ujerumani, aliusimamisha Windsor mwaka 1800, lakini watu wa kawaida wa London waliuiga baada ya gazeti la Illustrated London News kuchapisha mwaka 1848 picha ya Malkia Victoria, mumewe Albert na watoto wao wakiuzunguka mti mezani. Hesabuni wenyewe: picha hiyo ilipochapishwa, misheni ya Rabai ilikuwa na umri wa miaka miwili.

Kwa hiyo pwani hii haikuchelewa. Freretown yetu hapa ilianzishwa miaka ya 1870 kwa watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, na kengele yao bado imesimama njia panda, ndiyo iliyotupa jina la Kengeleni. Watu wale walikuwa wametenganishwa na jamaa zao, wengine tangu utotoni, nao walijenga ukoo upya kwa ibada na sikukuu. Mtu wa Freretown akisema Krismasi ni ya familia, ana historia nyuma yake.

Na tazameni tena picha ile ya 1848. Watoto wako karibu na mti, nyuso zao zimeinuliwa, na mti wenyewe uko juu ya meza. Uzuri wa nyumbani ulianzia katika kuuzunguka. Namwunga mkono mleta uzi.

---

Mtumishi, Likoni

Bwana Yesu asifiwe. Mimi naona tunajadili namna ya kupamba kabla ya kujiuliza kama inafaa. Nabii Yeremia sura ya 10 anasema kuhusu mataifa wanaokata mti msituni, wakaupamba kwa fedha na dhahabu, wakaukaza kwa misumari usitikisike. Je, si huu? Nyumbani kwangu hatuweki mti. Tunasoma Luka sura ya 2, tunaomba, tunakula pamoja. Sisemi kwa ubaya, nasema kwa dhamiri.

---

Mwalimu Mstaafu, Kengeleni

Asifiwe sana, ndugu. Dhamiri yako naiheshimu. Ila nakuomba uendelee mpaka aya ya tano: mti ule ulichongwa na fundi ukawa sanamu, hauwezi kusema wala kutembea, lazima ubebwe, na watu wanaambiwa wasiuogope. Yeremia alikuwa akisema juu ya miungu iliyochongwa. Hakuna nyumba ninayoijua Mombasa ambako watu huuogopa mti wa mvinje ama kuuomba. Nao wenye wasiwasi wa mti wanaweza kujenga pango la Noeli, ambalo Fransisko wa Asizi alilifanya Greccio mwaka 1223, na watoto wakapanga kondoo na wachungaji kwa mikono yao. Hoja ya mleta uzi ingesimama vilevile.

---

Mtumishi, Likoni

Hilo la pango nalipokea. Nitalizungumza na mama watoto.

---

Binti wa Mji wa Kale

Assalaam aleikum, na kwenu mnaosherehekea nawatakia heri. Sisi nyumbani ni Waislamu na mti hatuweki, lakini Krismasi naijua tangu udogo kwa sababu ya jirani zetu wa Makupa, tulikokaa kabla ya kurudi Mji wa Kale. Idi sahani ilitoka kwetu ikienda kwao, na Krismasi sahani hiyohiyo ikarudi, haikurudi tupu hata siku moja.

Mama yangu alikuwa na mtambaa wa asumini uani. Jioni yao ya kupamba, jirani yetu alimtuma mtoto aombe maua, na mama alichuma mwenyewe yakiwa bado vichupa, kabla hayajafunguka. Walitunga kwa uzi vishada vifupi, kama vile vya kuvaa harusini, wakavitundika kwenye mti wao. Asumini hufunguka usiku. Nyumba ilinukia mpaka ngazini. Mama hakutundika kwa mkono wake, wala wao hawakumshurutisha, kila mmoja aliujua mpaka wake na kuuheshimu. Lakini walikuwa wakisema, "Haya maua ni ya Mama wa ghorofa ya pili, yasisogezwe." Kwa hiyo hii kanuni ya kutogusa pambo la mwenzio mimi niliijua Makupa, bila kuwa na mti.

---

Mjukuu wa Rabai (mleta uzi)

Aleikum salaam, dadangu. Asumini kwenye mvinje! Nyanya nimemsomea, amesema mwaka huu lazima. Zitanyauka kesho yake, lakini amesema hata zikinyauka zikae.

---

Fundi wa Umeme, Changamwe

Uzi mzuri. Mniruhusu niingize la usalama, maana kila Desemba naitwa nyumba za watu baada ya mambo kuharibika.

La kwanza, ndoo ya maji na ekstensheni sakafuni haviishi pamoja. Mtoto akimwaga, maji yaenda moja kwa moja kwenye soketi. Inua ekstensheni, ifunge kwenye mguu wa kiti ama itundike ukutani.

La pili, hapa kwetu hewa ina chumvi. Taa zilizokaa kwenye sanduku mwaka mzima, miguu ya plagi na viungo vya waya hushika kutu ya kijani. Kabla ya kuzitundika, zikunjue zote mezani mchana, pitisha vidole kwenye waya mzima ukiwa HUJAUCHOMEKA, tafuta palipochubuka. Pakiwa na mchubuko usizibe na gamu ya karatasi, itupe.

Zile taa za zamani za balbu ndogo zimeungwa mfululizo, ikiungua moja zazimika zote, na zapata moto. Za LED hazipati moto hivyo na tokeni haziishi haraka. Angalieni pia volti. Umeme wetu wa nyumbani ni volti 240. Jamaa akikuletea taa kutoka Marekani zisizo na transfoma ya kubadilisha, zile ni za volti 120, utazichomeka mara moja tu.

Na mshumaa kwenye mvinje, hapana kabisa. Mvinje ni kuni inayowaka hata ikiwa mbichi, mtu yeyote wa mashambani atakwambia. Mishumaa juu ya mti ilikuwa kawaida zamani Ulaya. Mwaka 1882 New York, Edward Johnson, aliyekuwa akifanya kazi na Thomas Edison, ndiye aliyeupamba mti wake kwa taa za umeme, balbu 80 nyekundu, nyeupe na buluu. Tangu hapo hatuna sababu ya moto.

Kuhusu hoja yenyewe: taa ziwekwe na mtu mzima KABLA ya watoto kuanza, zikizimwa. Wao waweke vyao baadaye. Hapo hutakuwa na haja ya kuwagusia kitu.

---

Mjukuu wa Rabai (mleta uzi)

Fundi, hili la taa kwanza ni ushauri mzuri na ndivyo tunavyofanya. Ami yangu huzisokota taa asubuhi, jioni mti ukiwa tayari ndipo anaziwasha.

---

Wa Ruaka

Nawasoma kutoka huku juu. Sisi mti ni saipresi. Kiambu kila ua ni saipresi, unakata tawi la ukuta wa shamba unasimamisha. Ina harufu ambayo mimi nikiisikia popote najua ni Desemba. Miaka yetu ya utoto mapambo yalikuwa baluni, pamba ya hospitali kama theluji, na karatasi ya choo iliyosokotwa kutoka kona hadi kona ya dari. Kadi za Krismasi zilizoletwa na posta zilifungwa kwenye uzi ukutani. Hakuna aliyepanga upya maana hakukuwa na cha kupanga.

Swali: mvinje si ni aina ya msonobari? Majani yake ni sindano vilevile.

---

Mkulima wa Miche, Kisauni

Hapana, ndugu, si msonobari wala si jamaa yake. Chukua kile unachokiona kama sindano, kishike ncha mbili, kivute taratibu. Kitaachana pingili kwa pingili, na ukiangalia kwa karibu kwenye kila kiungo utaona meno madogo sana yaliyozunguka. Hayo meno ndiyo majani. Sindano yenyewe ni kijitawi. Watoto wapeni hili wafanye, watakaa nalo saa nzima.

Mti huu ni hodari kwa pwani kwa sababu hustahimili chumvi na mchanga, na kwenye mizizi yake huishi bakteria waitwao Frankia wanaovuta naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo huota mahali pasipo na rutuba. Mfano mkubwa uko hapa Bamburi. Machimbo ya saruji yalikuwa matumbawe matupu, na miaka ya 1970 mapema Rene Haller alijaribu miti ya aina nyingi, michache ikashika, mvinje ukiwa mmojawapo. Majani makavu yalirundikana bila kuoza, akaleta majongoo wakayala na kutengeneza udongo. Leo ni Haller Park, watu wanalipa kuingia. Kwa hiyo mtu wa Mombasa akiweka mvinje ukumbini kwake, ameweka mti wenye historia ya mji wake.

Ukitaka ukae siku nyingi: kata kilele asubuhi mapema, kata tena shina kwa mshazari kabla tu ya kukitia ndoo, na ongeza maji ndooni kila siku, maana kaskazi hukausha. Usikiweke mbele ya feni.

---

Mama Watatu, Bamburi

Nimeisoma yote. Watoto wangu wana simbi nyingi walizookota ufuoni, wanataka kuzitoboa ziwe mapambo. Ni nyepesi za kutosha kwa mvinje?

---

Mkulima wa Miche, Kisauni

Zile nyembamba ni sawa, ila uliza kwanza zimetoka wapi. Hifadhi ya bahari ya Mombasa ilitangazwa mwaka 1986, na ndani yake kuokota simbi ama matumbawe hakuruhusiwi, hata zile zilizo tupu, maana kaa wanaoishi ndani ya simbi tupu huzihitaji kuwa nyumba. Kifuu cha nazi ni bora. Jikoni kwako kiko bure. Sugua kwa msasa, toboa na msumari wa moto, huo mtu mzima aushike.

---

Baharia

Niko melini, intaneti ni ya kuja na kwenda, nisameheni nikichelewa kujibu. Mimi ni wa Mtongwe. Krismasi ya nyumbani huwa naikosa zaidi ya kuipata. Mke wangu hunitumia picha mti ukishakamilika, na kusema kweli nikiona ile picha nahisi nimefika karamu sahani zishaoshwa. Mleta uzi, kwenu walio mbali mnafanyaje?

---

Mjukuu wa Rabai (mleta uzi)

Kaka Baharia, hili tulilipata mwaka 2020. Kafyu ilikuwa saa nne usiku, na wengi hawakusafiri. Nyanya alikuwa na mkebe na nusu ya wenye mapambo hawapo. Akasema hataweka nyota huku mkebe una vitu. Basi tukampigia kila asiyekuwapo simu ya video, mmoja mmoja, akaonyeshwa mti mzima, akachagua tawi lake. Aliyeko nyumbani alikuwa mkono tu. "Juu kidogo. Hapana, upande wa dirisha. Hapo. Geuza unitazame." Dada yangu anafanya kazi Doha. Pambo lake ni ndege wa ukili aliyesukwa na mama, na anayemwekea ni binti yake mwenyewe, ambaye mwaka ule alikuwa darasa la pili. Mama na mwana walibishana juu ya tawi mpaka salio likaisha, tukampigia tena. Bado wanabishana kila mwaka. Yule mtoto sasa ni mrefu, afika matawi ya juu, na mama yake bado ataka ndege akae chini, alipokaa mara ya kwanza.

Kwa hiyo usingoje picha ya mwisho. Mwambie shemeji akupigie mti ukiwa mtupu. Na kama mtandao wa melini haushiki, tuma sauti siku iliyotangulia: "Langu liwekwe karibu na la mtoto fulani." Itachezwa mbele ya wote jina lako likiitwa.

---

Baharia

Hili nitalifanya. Pambo sina, lakini hapa kwenye sitaha kuna kamba, nami fundo najua kufunga. Nitafunga moja zuri nimpe mwenzangu anayeshuka Kilindini wiki ijayo alipeleke nyumbani.

---

Mkaazi wa Mikindani

Niliogopa kuuliza, lakini baharia amenipa moyo. Tulimzika baba mwezi wa sita. Pambo lake ni kengele ndogo ya shaba. Mama anasema mwaka huu lisitolewe kabisa, ndugu yangu asema lazima liwekwe. Nyumba imegawanyika kwa kengele.

---

Mjukuu wa Rabai (mleta uzi)

Pole sana, na poleni nyote nyumbani.

Kwetu babu alipofariki, Krismasi ya kwanza nyanya aliifunga nyota ndani ya leso, akaiweka mapajani mwake jioni yote. Mti ukabaki bila nyota. Hakuna aliyesema neno, kwa kuwa ile nyota ilikuwa haki yake kuishika. Mwaka uliofuata aliitoa mwenyewe, akampa kitukuu. Mapambo ya wengine waliotutoka hubaki mkebeni na kuitwa kama kawaida, na mtoto wa marehemu ndiye huenda kupokea. Lakini hilo lilikuja kwa wakati wake.

Kama ningekuwa jirani yako ningesema mwaka huu mfuateni mama. Mumewe ni wake kabla ya kuwa baba yenu. Mwulizeni tu kama angependa kengele akae nayo mkononi wakati nyinyi mnapamba.

---

Mwalimu Mstaafu, Kengeleni

Nakubaliana. Na huyo ndugu anayetaka iwekwe asilaumiwe, naye anaomboleza kwa njia yake. Mpeni yeye kazi ya kuita majina.

---

Mkaazi wa Mikindani

Asanteni wazee wangu. Nimemwonyesha mama simu. Amesema ataishika.

---

Mama Watatu, Bamburi

Basi mleta uzi, nimefikiri. Mwaka huu sitagusa kitu usiku. Nimewaambia watoto kila mmoja achague pambo moja la kuwa lake daima, na yule wa kati ashaanza kusugua kifuu, nyumba nzima ni vumbi. Wageni wakiuliza mbona mti umelala upande, nitawaita watoto wajibu wenyewe.

Ila tawi la chini lililo karibu na soketi, hapo sikubali mtu atundike chochote. Hilo nitalikata kabla hawajaanza.

---

Fundi wa Umeme, Changamwe

Hapo uko sawa kabisa, mama. Likate. Na kama mti utaegemea kweli, ongeza kokoto kwenye ndoo upande wa pili, wala hutahitaji kumhamishia mtoto pambo.